Itunze Kama Redio ya Baba

Mimi sina subira na vitu vinavyozunguka. Kile kiduara kinachojizungusha katikati ya kioo cha simu wakati intaneti inatafuta pa kupita kimewahi kunitoa maneno ambayo mwalimu, tena mama wa watoto watatu, hapaswi kuyasema. Wanafunzi wangu wa Kahama wanalijua hilo. Mume wangu analijua zaidi. Kwa hiyo ninaposimulia habari za ruta ya mama yangu kule Tinde, ieleweke tangu mwanzo kwamba msimulizi alikuwa na hasira muda mwingi, na kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo aliielekeza kusikostahili.

Ruta niliinunua kwa sababu ya macho ya mama mkubwa. Huyu ni dada wa kwanza wa mama. Aliolewa upande wa Geita, na mpaka leo anaishi kwa binti yake, nje kidogo ya Katoro, mahali ambapo honi za bodaboda za sokoni bado zinasikika. Presha ya macho ilimwanza polepole, naye akawa anasema ni uzee tu. Alipofikishwa hospitali jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Daktari akasema la pili nalo litafuata, dawa zitalichelewesha tu.

Mama alipopata habari hizo alitaka kusafiri siku hiyo hiyo. Lakini nyonga yake, tangu alipoanguka akitoka kisimani, haimruhusu kukaa kwenye gari hata saa moja. Tulijaribu mara moja kwa gari la kukodi. Tulifika Kahama analia kwa maumivu, tukamlaza kwangu siku tatu, kisha tukamrudisha Tinde mwendo wa kinyonga. Mama mkubwa naye, ukimwambia aje, anasema ameshaujua ua wake kwa nyayo na hataki kupelekwa kwenye ua mwingine akajikwae mbele za watu.

Siku moja mama akanipigia. Hakunisalimia kwa mzunguko wake wa kawaida, wa kuuliza watoto, mume, kazi na mvua. Alisema moja kwa moja.

"Nataka dada anione kabla giza halijafika. Na mimi nimwone akiwa ananiona."

Nilinunua ruta wiki hiyo hiyo, na simu yenye kioo kikubwa. Nilivipeleka Tinde Jumamosi moja ya mwanzo wa mvua, nikaiweka ruta juu ya meza ya sebuleni karibu na dirisha, taa zake zikawaka kijani moja baada ya nyingine. Mama alivuta kigoda akakaa mbele yake, mikono mapajani, kama aliyeletewa mkwe. Nilimfundisha kupokea simu ya picha na kupiga. Alishika haraka kuliko nilivyotegemea. Wakati naondoka, mkoba begani na basi likiwa linapiga honi barabarani, akaniuliza kitu hiki kinatunzwaje.

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu nikiwa tayari nimeshavuka kizingiti kwamba akitunze kama baba alivyoitunza redio yake. Akaitikia kwa kichwa, na nikaona nimempa jibu zuri sana. Njia nzima hadi Kahama nilikuwa najipongeza.

Maana redio ya baba ilitunzwa, jamani. Ilikuwa ya mbao, ya betri kubwa nne, na ilikaa juu ya meza yake peke yake, imevaa kitambaa cha kufuma ambacho mama alikifua kila Jumamosi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu za kutosheleza taarifa ya habari ya jioni. Waya wa antena ulitoka dirishani ukapanda hadi kwenye mnyaa wa uani. Kitufe cha kutafutia stesheni hakikuguswa na mkono mwingine isipokuwa wa baba. Ukipita karibu na meza ulipita kwa adabu. Baba ameshatangulia miaka mingi, na redio ilishakufa kabla yake, lakini nikifumba macho nasikia ile sauti yake ya kukwaruza kabla mtangazaji hajapatikana, na nasikia harufu ya magunia ya pamba yaliyorundikwa chumba cha pili. Nilikuwa na furaha katika nyumba ile. Sikujua wakati huo kwamba ile ndiyo furaha.

Basi Jumapili ya kwanza, saa tisa alasiri, baada ya kanisa, mama akampigia dada yake kwa picha. Mimi nilikuwa Kahama nasubiri kusifiwa. Badala yake nikapigiwa na binti wa mama mkubwa, huyu binamu yangu mwenye genge la nyanya Katoro, akisema kwamba picha imeganda. Uso wa mama ulikuja vipande vipande, ukakwama mdomo ukiwa wazi, sauti ikafika baadaye peke yake. Mama mkubwa alikuwa amesogeza simu hadi puani, kwenye lile jicho moja, akawa anauliza huyo ni nani.

Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, kiduara kilizunguka mpaka mama mkubwa akachoka akaenda kulala.

Nilianza kwa kulaumu Katoro. Nikamwambia binamu yangu kwamba kule kwao watu wenye hela za dhahabu wamejazana kwenye mnara mmoja, kila mtu na simu mbili, intaneti itapita wapi. Akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba yeye anaongea kwa picha na mteja wake wa Mwanza kila siku bila shida. Nikampigia mama mimi mwenyewe kwa picha, nikiwa Kahama, na uso wake ukagandia kwenye kioo changu akiwa amefumba jicho moja. Kwa hiyo tatizo lilikuwa Tinde. Sikumwomba binamu msamaha. Nilisema tu nitalishughulikia.

Nikaenda Jumamosi. Nilimwarifu mama mapema, kama inavyotakiwa, akachinja kuku. Nilipofika, ruta ilikuwa mezani, kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, inang'aa. Nikapima kasi. Ilikuwa nzuri kupita ya nyumbani kwangu. Nikapiga simu ya picha kwa mume wangu, nikaona hadi utando wa buibui juu ya kabati letu. Hata hivyo niliizima, nikahesabu hadi mia, nikaiwasha. Nikatoa laini nikaifuta kwa khanga nikairudisha. Nikabadilisha neno la siri, kwa sababu niliwashuku wanakwaya wa nyumba ya pili kwamba wanainyonya. Mama hakupenda. Kesho yake alikwenda kuwapa neno jipya kwa mdomo wake, akaniambia hawezi kukaa nao benchi moja kanisani huku amewafungia.

Jumapili hiyo, mimi nikiwa nimesharudi Kahama, picha ikaganda.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, dada mmoja mwenye sauti tamu akaniuliza kama kuna kitu chochote kimeizuia ruta, ukuta, kabati au chuma. Nikamjibu kwamba mimi si mshamba, ruta iko mezani, mahali peupe, na mama yangu anaitunza kuliko wao wanavyowatunza wateja wao. Na kweli, kila nilipomwuliza mama ruta iko wapi, alisema pale pale nilipoiweka. Nikimwuliza kama anaitunza, alisema anaitunza sana. Nikamsifu.

Wakatuma fundi. Fundi akafika Tinde, akapiga hodi, akakaribishwa, akalishwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, akapima, akaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna tatizo. Nikasema huyo kaja kula. Nikalazimisha arudi. Akarudi, akala tena, akaandika tena hakuna tatizo. Hapo nikampigia na kumwambia mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu masikioni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, mama, mimi nikiwa pale inakwenda vizuri kabisa. Nikamkatia simu.

Ilipita Krismasi, ikapita Januari. Niliyajua maendeleo ya jicho la mama mkubwa kupitia kwa binamu yangu, ambaye aliyataja kama anayetaja bei za nyanya, bila kuongeza chumvi. Sasa haoni tena kuku uani. Sasa haoni rangi ya kitenge ila anaona mtu amesimama. Sasa anaona mchana tu, tena simu ikiwa karibu sana na mwanga ukiwa mwingi. Mama hakunilalamikia hata mara moja. Kila Jumapili alivaa gauni lake la kanisani asilivue, akakaa kigodani saa tisa, akapiga. Jirani aliniambia kwamba alikuwa akiuongelesha ule uso ulioganda, akiusimulia habari za kijiji chote, kwa sababu huenda sauti inafika.

Mwezi wa tatu mwalimu mwenzangu alifiwa na mama yake Shinyanga mjini. Nilikwenda kuzika Jumamosi, nikalala matangani, Jumapili nikawa narudi. Tulipokaribia Tinde nikaamua kushuka nimsalimie mama. Simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mtu mzima nilikwenda nyumbani bila kuarifu.

Mlango ulikuwa wazi. Niliita hodi, mama akaitikia kutoka mbali, nyuma ya nyumba, hakutambua ni nani. Nikaingia. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Juu ya meza ya sebuleni palikuwa na sufuria kubwa limefudikizwa, limeegemezwa upande mmoja juu ya gunzi la mahindi ili pawe na upenyo. Nikajua ni ugali umefunikwa. Nikanawa mikono kwenye ndoo ya kona, nikaja nikalifunua.

Chini yake taa za kijani zilikuwa zinapepesa.

Nilisimama na lile sufuria mikononi, na mikono yangu ikalitambua kabla ya kichwa. Lilikuwa na mbonyeo ubavuni. Ule mbonyeo niliuweka mimi, nikiwa na miaka saba au minane, siku niliyojikwaa mlangoni nikilikimbiza. Na yote niliyokuwa nimeyasahau yakanirudia pale pale niliposimama. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa magharibi, baba alikuwa anapaza sauti moja tu kutoka uani, na kila mmoja wetu alijua kazi yake. Dada yangu aliukimbilia ukuta akakifunika kioo kwa khanga. Aliyevaa nguo nyekundu aliivua. Na mimi, mdogo wa wote, nilikimbilia jikoni kuchukua sufuria la sherehe nikaifunika redio. Baba aliamini kwamba redio inavuta sauti kutoka angani, kwa hiyo radi ikishuka itafuata njia ile ile. Majirani wote waliamini hivyo. Sidhani kama kuna aliyewahi kubisha, kwa sababu redio yetu haikupigwa na radi kamwe.

Nikakumbuka na jambo lingine. Msimu wa pamba mama mkubwa alikuwa anakuja kutusaidia kuvuna, na mvua za mwisho zilikuwa zinamkuta kwetu. Alipenda kipindi cha salamu kuliko chakula. Baba hakuizima redio, aliifunika tu, nayo ikaendelea kusema humo ndani kwa sauti ya mtu aliye kisimani. Basi mama mkubwa alikuwa anapiga magoti kando ya meza na kulibandika sikio lake kwenye sufuria. Anasikiliza majina ya watu asiowajua wakisalimiana, anacheka peke yake, na radi inapasuka nje. Baba anamwambia ataungua sikio. Yeye anamwonyesha mkono anyamaze. Mimi nilikuwa nakwenda kupiga magoti upande wa pili na kubandika langu, na tulitazamana hivyo, mashavu kwenye bati la sufuria, mpaka mvua ikatike.

Mama aliingia akanikuta nimesimama na sufuria. Alichoona yeye ni aibu. Akaniambia kwa nini sikupiga simu, angeandaa, nyumba haiko sawa. Akalichukua sufuria mikononi mwangu haraka na kulipeleka jikoni, na kitambaa cheupe cha kufuma akakitoa kabatini akakitandika chini ya ruta. Nikaelewa hapo hapo. Alifanya hivyo kwa kila mgeni. Alifanya nilipomwarifu nakuja. Alifanya kwa fundi mara zote mbili, mara tu aliposikia hodi, kwa sababu sufuria la jikoni haliwezi kukaa sebuleni mbele ya mgeni. Akiisha kuondoka mgeni, analirudisha.

Nilimwuliza, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, kwa nini anaifunika. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si ulisema niitunze kama redio ya baba yako? Na msimu huu wote ni wa radi."

Kwanza nilitaka kucheka. Kisha nikafanya hesabu ya Jumapili. Zilikuwa zaidi ya kumi na tano, na katika kila moja jicho la mama mkubwa lilikuwa limepungua, na mama yangu alikuwa amekaa na gauni la kanisani mbele ya sufuria. Kucheka kukaisha. Nilijua nikimwambia kwamba ni sufuria, atajua kwamba Jumapili zote zile alizifunika kwa mikono yake mwenyewe. Sikuweza. Nikasema nimeligundua tatizo, ni mpangilio wa ndani ya ruta, nikaishika nikabonyezabonyeza vitufe ambavyo havifanyi kitu. Kisha nikamwomba lile sufuria nikaliweke kwangu, niwe na kitu cha baba. Alifurahi sana. Alilisugua kwa mchanga kabla ya kunipa.

Ilikuwa inakaribia saa tisa, na magharibi kulikuwa kumeshaanza kunguruma. Mama akaangalia ruta iliyokaa uchi mezani, akaangalia dirisha. Nikachukua kikapu cha kuvunia na kuifudikiza nacho. Akaniuliza kama kikapu kinazuia radi. Nikasema hizi za kisasa zinataka kikapu. Mungu anisamehe.

Akapiga.

Picha ilikuja nzima. Kwanza dari la bati la Katoro, kisha mkono wa binamu yangu ukiinyanyua simu, kisha mama mkubwa, mikunjo yake yote, kilemba cha bluu, jicho moja likiwa na ukungu na lingine likihangaika. Binamu akamtoa nje kwenye mwanga. Mama alikuwa amesahau kusalimia. Mama mkubwa akaisogeza simu hadi ikajaa jicho tupu kwenye kioo chetu, jicho moja kubwa, likipepesa. Lilikaa hivyo muda mrefu. Radi ikapasuka karibu, na mama hakushtuka.

"Umekuwa mama yetu mtupu," mama mkubwa akasema. "Ndiye huyu kabisa. Usiondoke, mdogo wangu, bado nakuangalia."

Mama hakuondoka. Nilitoka nje nikasimama mvuani, kwa sababu sikutaka wanione.

Kesho yake nilimpigia fundi. Nilimwambia nilimkosea, na kwamba tatizo lilikuwa ni kifuniko. Akauliza kifuniko gani. Nikamwambia sufuria zima, akacheka mpaka nikacheka na mimi, kisha akaniuliza kama mama bado ana michembe.

Walipata Jumapili saba. Nilizihesabu. Ya nane binamu yangu alinitumia ujumbe kwamba mama mkubwa ameamka akauliza kama kumekucha.

Nilikwenda Tinde Jumapili moja wakati wa kuvuna pamba. Tulikuwa jikoni, mama anachambua mboga, na mimi namwambia sufuria lake linapika pilau vizuri sana, wajukuu wanagombania ukoko. Akaendelea kuchambua. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama ni lile sufuria lililokuwa linazuia. Sikujua amejuaje. Labda wanakwaya walimwambia, labda alijua siku ile ile niliyoliomba. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia aitunze kama redio, ni mdomo wangu, nilikuwa na haraka.

Alimaliza mboga zake, akanawa. Akasema saa imefika.

Akakaa kigodani, gauni la kanisani, ruta ikiwa imevaa kikapu. Siku hizi intaneti ya mama ni nzuri kuliko ya kwangu, haikwami hata kidogo. Binamu akapokea, akampa mama mkubwa simu mkononi, na mama mkubwa akafanya anachofanya sasa kila Jumapili, maana kuangalia hakuna tena. Akaibandika simu sikioni.

Kioo kizima kikawa sikio. Picha safi, imetulia, unaona tundu la hereni lililotanuka na mvi tatu nne zilizoshuka kutoka kwenye kilemba. Mama akaisogeza simu karibu na uso wake, akaanza kumsimulia dada yake habari za kijiji, na muda wote alipokuwa anasema hakuliondolea macho lile sikio.